Mjeledi na Maksai Wake

Daktari alimkataza Mjeledi kusema. Hakumwambia asiseme sana, wala asiseme kwa sauti. Alimwambia asiseme. Hata kunong'ona alikataza. Alikuwa amemtoa kinyama kilichoota kooni, na kidonda kile kikichokozwa kabla hakijakauka, alisema, sauti itaondoka na wala haitaaga.

"Mpaka nikuite tena," alimaliza, "mdomo wako ni wa uji tu."

Mjeledi akaitikia kwa kichwa. Mkewe, aliyesimama nyuma ya kiti na kikapu cha nguo, akainamisha uso haraka ili daktari asione kwamba anacheka. Si kwamba hakumhurumia mumewe. Alikuwa amemlilia Mungu juu ya koo lile hadi magoti yakaota sugu. Lakini kumwona mtu yule akiamriwa kunyamaza, naye akanyamaza, ilikuwa baraka ambayo hakuwahi kuthubutu kuiomba, asije akaonekana mwenye tamaa mbele za Mola.

Watu walimwita Mama Maombi kwa sababu hakuna kitu alichokianza bila kukiombea. Aliombea sufuria isiungue, aliombea kuku atage, na mashine ya kusaga ilipogoma aliwekea mikono injini yake yenye mafuta, mpaka fundi akamsihi ajitoe, mkanda usije ukamchukua kanga. Mumewe aliitwa Mjeledi kwa sababu nyepesi zaidi. Alikuwa na mjeledi mrefu wa ngozi, na mlio wake ulisikika mpaka barabarani.

Mvua ya kwanza ikanyesha siku waliyorudi nyumbani.

Ilinyesha vizuri, mvua nene ya kuingia ardhini. Asubuhi udongo ulikuwa umelegea, na kila mwenye jembe alikuwa ametoka. Mjeledi alikaa barazani, kitambaa shingoni, akilitazama shamba lake kama mtu anayetazama chakula kikipita kwenda meza nyingine. Zizini, maksai wake wawili walikuwa wanatafuna na kungoja. Mmoja aliitwa Karani, kwa kuwa alitembea kichwa chini kama anayetafuta kosa kwenye hesabu. Wa pili, mnene, mwenye mwendo wa kulipwa, aliitwa Tajiri.

Mgeni wa kwanza alikuwa Bucha, kaka yake Mjeledi. Alikuja na pole ya mgonjwa, lakini alipitia zizini kabla ya kufika barazani.

"Mdogo wangu, pole sana," alisema, akijipangusa mikono kwenye suruali. "Usijibu. Nimesikia daktari alivyosema. Sasa tuzungumze kama ndugu."

Mjeledi akamkodolea macho.

"Shamba linataka kulimwa wiki hii hii. Udongo ukikauka, umekauka. Hawa ng'ombe wako hawamsikii mtu mwingine, na wewe huna sauti. Mimi nasema tumuuze huyu mnene. Nitampima kwa haki, ndugu hawaibiani. Hela yake mtakodi trekta, shamba lilimwe, na kitabaki cha dawa. Ukinyamaza nitajua umekubali."

Mjeledi akatikisa kichwa kwa nguvu kulia na kushoto, mpaka kitambaa kikamshuka kifuani.

"Tulia bwana! Shemeji, mwone anavyotikisa shingo na kidonda kibichi. Mwambie atulie."

Mama Maombi alikuwa ametoka jikoni na mwiko. "Shemeji, na maksai mmoja atavuta nini? Atavuta plau au atavuta majonzi?"

"Huyo mmoja mtamla baadaye."

"Nilijua. Ndiyo maana umeanza kwa kumpapasa paja. Ukiwaangalia ng'ombe wa nyumba hii, shemeji, mimi naona maini yakining'inia machoni mwako."

"Naitwa Bucha. Ulitaka nimtazame kama mchumba?" Alicheka mwenyewe. Kisha akaacha kucheka, maana hakuwa mtu mbaya, ila kazi yake ilikuwa imemfundisha kuona kilo popote penye uhai. "Nauliza tu, shemeji. Mtalimaje?"

Swali hilo halikuwa na jibu, na Mama Maombi alikuwa na kawaida ya kujibu hasa maswali ya namna hiyo. "Nitalima mimi."

"Wewe?"

"Mimi na mwanao."

"Mimi?" sauti ikatoka dirishani. Binti yao, fundi cherehani aliyekuwa ameipanga mashine yake chumba cha mbele, aliacha kukanyaga. "Mama, mimi nashona magauni."

"Utashona ukishamaliza kuongoza ng'ombe."

Bucha akasimama. "Sawa. Jumamosi nitapita. Nikikuta robo ya shamba, robo tu, imelimwa kwa hawa maksai, sitataja tena habari ya nyama hapa. Nikikuta bado, nimekuja na kamba. Mdogo wangu, umesikia?"

Mjeledi akamtazama mkewe. Kwenye macho yake palikuwa na kitu ambacho yule mama alikiona lakini hakukielewa. Hakikuwa wasiwasi wa kumpoteza Tajiri peke yake. Kilifanana zaidi na woga wa mtu aliyesikia kwamba wageni wanataka kufungua sanduku lake la nguo.

*

Kazi ya Mjeledi na maksai wake haikuwahi kuonwa na mtu kwa karibu. Msimu wa kulima alitoka nyumbani mapema, peke yake, na ole wake aliyemfuata. "Ng'ombe akiona macho mengi anavunjika moyo," alikuwa akisema. Mkewe alipompelekea chai aliiacha mpakani, juu ya jiwe, kama anayelisha mtu wa karantini. Alichokijua yeye na mtaa mzima ni mlio. Paa! Halafu kimya. Halafu tena, paa! Wapita njia walipunguza mwendo wa baiskeli na kuambiana, "Mjeledi yuko kazini. Wale ng'ombe wanaisoma namba."

Sifa hiyo aliivaa kama koti. Fundi Baiskeli, jirani yao, alipopata maksai wawili wachanga na kuja kuomba somo, Mjeledi alimkalisha akamweleza huku amekunja nne: "Ng'ombe ni kiboko. Kiboko kwanza, jina baadaye. Ukimbembeleza anakupanda kichwani." Fundi Baiskeli alifuata somo neno kwa neno. Sasa maksai wake wakinusa harufu yake tu wanaruka uzio, na shamba lake alikuwa analilima kwa mkono.

Kwa hiyo Mama Maombi alipoingia zizini alianza na alichokijua. Aliomba, akafunga nira, akautoa mjeledi kwenye msumari nyuma ya mlango.

Nira peke yake ilikuwa kesi. Binti alimleta Tajiri upande wa kulia na Karani kushoto, wakafungwa, mnyororo ukaunganishwa na plau, na hapo vurugu ikaanza. Karani alijitahidi kupita nyuma ya mwenzake ili afike kulia. Tajiri alirudi nyuma ili apate kushoto. Nira ikasimama wima kama mlingoti, plau ikalala ubavu, na yule binti akajikuta katikati, gauni limenasa kwenye pembe.

"Mama, wanacheza dansi!"

"Usicheke, mshike Karani!"

Kule barazani Mjeledi alikuwa amesimama, mikono yote miwili hewani, akiivusha kulia na kushoto. Mkewe alimtazama kwa muda kabla ya kumwelewa. Kila mmoja ana upande wake. Karani alikuwa amefundishwa tangu ndama kutembea kulia, ndani ya mtaro ambao plau imeshaufungua, na Tajiri kushoto, juu ya ardhi isiyolimwa. Kuwabadilisha ni kama kumwambia mtu aandike kwa mkono asioutumia. Wakawafungua, wakawafunga upya, na wale ng'ombe wakatulia papo hapo, wakashusha pumzi kama abiria waliorudishiwa viti vyao.

"Haya," alisema Mama Maombi. Akashika mishikio ya plau kwa mkono mmoja, akazungusha mjeledi kwa mwingine, akaupiga hewani.

Paa!

Maksai hawakutikisika.

Akaupiga tena. Karani akashusha masikio. Akaupiga mara ya tatu kwa hasira, mlio ukafika barabarani, na Tajiri akakunja magoti ya mbele, kisha ya nyuma, akalala chini na nira yake, akaanza kucheua.

Fundi Baiskeli alikuwa amesimama mpakani na gurudumu mkononi. "Mama Maombi, piga mgongoni! Unapiga hewa, hewa imekukosea nini?"

"Njoo upige wewe!"

"Mimi? Mimi ng'ombe wangu wenyewe wananikimbia."

Kwenye barabara watu walikuwa wameanza kusimama. Mama Maombi alijaribu kila neno alilowahi kulisikia kwa wakulima. Alisema haya, akasema twende, akapiga mluzi, akapiga kelele. Binti alivuta kamba kwa mbele mpaka viatu vikazama. Tajiri alimtazama kwa huruma. Mjeledi barazani alikuwa amekaa tena, na sasa alikuwa anatazama miguu yake.

"Baba Watoto!" mkewe alimfuata, jasho likimtiririka. "Unawaambia nini hawa wanyama? Nionyeshe hata kwa vidole."

Mjeledi akaonyesha mjeledi.

"Nimeupiga. Wamelala."

Akainua mabega. Akaonyesha koo lake. Akafumba macho kama mgonjwa aliyezidiwa ghafla.

Mama Maombi alikuwa ameishi na mtu huyo kwa muda wa kutosha kujua ugonjwa na kujua ukaidi. Huu haukuwa ugonjwa.

*

Siku iliyofuata ilikuwa vile vile, na ya baada yake vile vile, tofauti ni kwamba watazamaji walikuja na vigoda. Ijumaa asubuhi jua likatoka kali. Udongo ulianza kupauka juu. Mama Maombi aliinama akaufinya kiganjani, na ulipovunjika badala ya kushikana aliogopa kwa mara ya kwanza. Aliona mwaka mzima ndani ya kiganja kile. Pipa tupu la nafaka chumba cha nyuma. Kamba shingoni mwa Tajiri. Karani peke yake zizini, akisimama upande wa kulia wa mwenzake asiyekuwepo.

Watazamaji walikuwa bado hawajafika. Alipiga magoti pale pale nyuma ya plau, kwenye udongo, akafumba macho. Hakuomba kwa sauti yake ya kuongoza wenzake, ile yenye mawimbi. Aliomba kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka.

"Baba, unanijua. Mimi si mtu wa kukusumbua kwa mambo makubwa. Leo nina hili moja tu. Tafadhali..."

Mnyororo ukalia. Plau ikamponyoka.

Alifumbua macho akaona mkia wa Karani ukienda zake. Maksai walikuwa wanatembea, wamenyooka, bega kwa bega, na plau iliyokosa mshikaji ikirukaruka nyuma yao kama kichaa. Binti alikuwa anarudi kinyumenyume mbele yao, kamba mkononi, mdomo wazi.

"Mama! Mama, wanakuja!"

"Asante, Yesu! Asante!" alipiga kelele Mama Maombi.

Maksai wakasimama. Walisimama hapo hapo, pamoja, kama askari.

Mama Maombi alibaki kwenye magoti. Alikuwa mtu wa imani, na imani yake haikuwa na shida na muujiza. Lakini alikuwa pia mtu wa akili, na muujiza unaosimama katikati ya shamba ulimtia shaka. Akageuka taratibu kutazama barazani. Mumewe alikuwa ameufunika uso kwa viganja vyote viwili.

Akajipangusa magoti. Akawafuata ng'ombe, akashika mishikio ya plau, akasafisha koo.

"Tafadhali," alisema.

Wakaenda. Plau ikaingia ardhini kwa mlio laini, na udongo mweusi ukajikunja upande wa kulia kama blanketi linalofunuliwa.

"Asante."

Wakasimama.

Binti alikuwa amelegeza kamba. "Mama, hawa ng'ombe wamesoma wapi?"

Mama Maombi alikuwa na jambo moja zaidi la kujaribu. Aliuchukua mjeledi uliokuwa shingoni mwake, akaupiga hewani, paa, na akawaangalia vizuri. Tajiri alikunja magoti mara moja na kulala, na Karani akanyoosha ulimi akalamba hewa, akitafuta kitu mkononi mwake. Chumvi. Alikuwa anatafuta chumvi.

Hapo ndipo yote yakamjia kwa pamoja, na akalazimika kuushika mshikio wa plau asianguke kwa kicheko. Paa, halafu kimya. Paa, halafu kimya. Kila alipofika mwisho wa mstari, yule bwana aliwapumzisha wanyama wake, akawalambisha chumvi, na huku akaupiga mjeledi hewani ili barabara isikie. Maskini ng'ombe walijifunza kwa uaminifu. Kwao mlio ule ulikuwa kengele ya mapumziko. Mtaa mzima ulisikia ukatili, kumbe ilikuwa saa ya chai.

*

Kulikuwa kumebaki kugeuka. Ng'ombe anayekwenda na kusimama lakini hageuki atakupeleka kwa jirani.

Alimwendea mumewe barazani, akaketi karibu yake, akampepea kwa upindo wa kanga kama mke mwema. "Baba Watoto. Kulia unasemaje?"

Mjeledi alitazama paa.

"Kushoto?"

Alitazama kuku.

"Mume wangu, kesho kaka yako anakuja na kamba. Tafadhali nimeipata, asante nimeipata. Nini tena kilichobaki cha kuona haya?"

Uso wa Mjeledi ulikuwa unamwaka moto hadi masikioni, na kile alichokiona mkewe siku ya kwanza kilikuwa sasa wazi kabisa. Kumbe bado kulikuwa na kilichobaki cha kuona haya. Kilikuwa kikubwa kuliko tafadhali. Mama Maombi akafikiri. Mtu aliyewaambia ng'ombe tafadhali, neno ambalo yeye mkewe hakuwahi kulisikia likitoka kwenye mdomo ule, hata siku ya kuomba maji akiwa na homa, mtu huyo alikuwa na maneno gani mengine? Akakumbuka kijana mwembamba aliyekuwa akimsubiri njiani na baiskeli ya kuazima, zamani, kabla ya watoto, kabla ya koti la sifa. Kijana yule alikuwa na maneno mawili matatu matamu. Baada ya ndoa yalipungua, kisha yakatoweka, na yeye alidhani yamekufa kifo cha kawaida, kama yanavyokufa kwenye nyumba nyingi.

Akainuka polepole, akarudi shambani.

"Tafadhali," aliwaambia. Walipofika mwisho wa mstari alivuta pumzi. Aliona haya mbele ya ng'ombe, jambo la ajabu. "Ua langu," alisema.

Karani akageuza shingo kulia, mwenzake akamzunguka, na nira ikageuka vizuri kama mlango wenye mafuta.

"Mungu wangu," alisema binti.

"Asali wa moyo," alisema Mama Maombi.

Wakageuka kushoto.

Hayakufa. Yalikuwa yamehamia zizini. Mama Maombi alisimama katikati ya shamba akamwonea ng'ombe wivu, dhambi ambayo hakujua aiungame kwa jina gani. Miaka yote hiyo Karani alikuwa ua. Miaka yote hiyo Tajiri alikuwa asali. Yeye alikuwa "we mama" na "hebu lete".

"Mama, hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Kwa baba yako."

"Baba gani?"

"Una wangapi? Geuza kamba hiyo tulime."

Walilima mpaka watazamaji wa kwanza walipojitokeza barabarani na vigoda vyao. Hapo Mjeledi alishuka barazani karibu mbio, akamshika mkewe mkono, akaunganisha viganja vyake mbele ya kifua, akaviinamia. Hakuhitaji sauti. Alikuwa anaomba asimwaibishe.

Mama Maombi alimtazama. Hasira ilikuwepo, na kicheko kilikuwepo, na chini ya vyote viwili kulikuwa na huruma, maana aliona jinsi mtu huyu alivyokuwa ameogopa, miaka yote, kwamba watu watagundua kuwa ni mpole.

"Sawa," alisema. "Nitawanong'oneza. Lakini utanilipa, na si kwa hela."

*

Jumamosi upepo ulivuma tangu asubuhi.

Bucha alikuja na kamba begani, na nyuma yake Fundi Baiskeli, na nyuma ya Fundi Baiskeli mtaa. Walikuta kipande kizuri cha udongo mweusi upande wa mbali, ila bado hakijafika robo, na Mama Maombi amejikunja juu ya plau, uso karibu na mikia, akinong'ona.

"Anawaombea," mtu mmoja alisema.

"Anawaloga," mwingine alisema.

Tatizo lilikuwa upepo. Alinong'ona tafadhali, upepo ukaipeleka kwa kina mama barabarani. Alinong'ona ua langu, Karani akasikia nusu, akageuka nusu, plau ikatoka kwenye mstari. Bucha akakuna kidevu.

"Shemeji, umejitahidi, sikatai. Lakini ng'ombe unawabembeleza! Ndiyo maana wanayumba. Mjeledi wa mdogo wangu uko wapi? Nipe nikusaidie."

"Shemeji, usiupige!"

"Nipe, nakuambia. Mimi nimekua na ng'ombe."

Aliunyakua begani mwake, akajipanga, akaupiga hewani kwa nguvu zote za mkono unaopasua mifupa. Paa! Paa! Paa!

Tajiri akalala. Karani, ambaye kwa kawaida hupumzika wima, alihesabu milio hiyo kuwa likizo, naye akalala. Wote wawili walitoa ndimi kumtafuta Bucha mkononi.

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Bucha hakucheka. Alitupa mjeledi begani, akafungua kamba yake. "Mmeona wenyewe. Wamechoka, hawa si wa kulima tena. Shemeji, niliahidi na wewe uliahidi." Akamwendea Tajiri, akaanza kumpitishia kitanzi kwenye pembe.

Mama Maombi aligeuka kumtazama mumewe. Angeweza kulipiga lile neno kwa sauti na kumaliza kila kitu, lakini alikuwa ameahidi, na ahadi kwake ilikuwa kitu cha kumtazama Mungu nacho usoni. Alisimama tu, mikono kwenye plau, machozi ya hasira machoni.

Mjeledi alikuwa mpakani, juu ya lile jiwe la chai. Alimtazama kaka yake akifunga fundo. Akafungua mdomo, na binti aliyekuwa karibu akapiga kelele, "Baba, usiseme! Daktari!"

Akaufunga. Akashuka kwenye jiwe, akatembea shambani mbele ya macho ya mtaa mzima, kitambaa kikipeperuka shingoni. Akautoa mjeledi begani kwa kaka yake, na badala ya kuupiga akaukunja, akaukunja tena, akaukalia chini kama mkeka. Kisha akiwa ameketi pale juu ya sifa zake zote, akamtazama mkewe, akaweka kiganja nyuma ya sikio, na kwa mkono mwingine akamwonyesha mbingu: kwa sauti. Sema kwa sauti.

Mama Maombi alivuta pumzi ya kuongozea maombi ya watu wengi.

"TAFADHALI!"

Maksai wakainuka kwa pamoja, kamba ya Bucha ikamtoka mkononi, na plau ikapasua ardhi. Wakaenda mpaka mwisho wa mstari bila kuyumba.

"UA LANGU!"

Wakageuka. Barabara nzima ilikuwa kimya kwanza, kimya cha watu wanaohakikisha masikio yao.

"ASALI WA MOYO!"

Hapo kikapasuka kicheko ambacho shamba lile halijawahi kukivuna. Kina mama walishikana mabega. Mzee mmoja alivua kofia akajipigia nayo mapaja. Fundi Baiskeli peke yake hakucheka, alimfuata Mjeledi pale alipoketi, akamsimamia mbele na gurudumu lake.

"Mzee. Kiboko kwanza, jina baadaye. Si wewe uliyenifundisha?"

Mjeledi akainamisha macho.

"Ng'ombe wangu wako kwa watu gani sasa hivi, unajua? Sijui hata mimi! Na wewe ulikuwa unawaita ua?"

Mjeledi akainua kidole, akakipiga kifuani mwake, kisha akakigeuza kwa Fundi Baiskeli, na kukizungusha kuelekea zizini. Nitakufundisha. Upya.

"Utanifundisha na tafadhali?" aliuliza Fundi Baiskeli, kwa uchungu wa kweli.

Mjeledi akaitikia kwa kichwa.

Bucha alikuwa anakunja kamba yake polepole. Jua lilipoanza kuelemea upande wa pili, robo ya shamba ilikuwa imepita, na hakuna aliyekuwa ameondoka. "Shemeji," alisema, "nimefanya kazi na ng'ombe tangu nina akili. Sijawahi kumwambia hata mmoja tafadhali."

"Wale wako, shemeji, usianze sasa. Utakuwa unawadanganya."

*

Shamba lilikwisha wiki iliyofuata, kabla udongo haujagoma. Jina la Mjeledi lilikwisha siku hiyo hiyo ya Jumamosi. Watoto barabarani walimpigia salamu, "Shikamoo, Baba Tafadhali!" na yeye akainua mkono, kwa kuwa hakuwa na sauti ya kuwafukuza.

Kisha daktari akamwita, akammulika kooni, akasema kidonda kimekauka. "Sema. Ila kwa upole." Mjeledi hakusema. Alirudi nyumbani amefunga mdomo, akaketi chumba cha mbele karibu na cherehani. Mkewe na binti walimsubiri. Neno la kwanza la mtu aliyenyamaza kiasi kile haliwezi kuwa dogo.

Alitazama birika jikoni. Akafungua mdomo. "Hebu le..." Sauti ilitoka mbichi na ya kukwaruza. Akasita. Mama Maombi aliinua nyusi. Binti aliacha kukanyaga mashine.

Mjeledi akameza mate, akashika magoti yake.

"Naomba chai," alisema. Kisha, kwa nguvu kubwa, kama anayeruka mtaro, "Tafadhali!"

Mama Maombi akaondoka kwenda jikoni, akamimina, akarudi na kikombe. Lakini nje kukasikika mlio wa mti unaopasuka. Lango la zizi lilikuwa limeanguka, na dirishani wakapita Karani na Tajiri, bega kwa bega, Karani kulia na Tajiri kushoto, wakielekea moja kwa moja kwenye kamba ya nguo.

"Asante!" alipiga kelele Mjeledi, akisahau koo, akisahau daktari. "Asante, asante!"

Maksai wakasimama, shuka moja likiwa limeshuka juu ya pembe za Tajiri.

Mjeledi akashusha pumzi, akanyoosha mkono apokee chai yake. Mkono ulibaki hewani. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, hatua chache kumfikia, kikombe kinafuka mvuke, macho mbele, hatikisiki.

"Wewe nawe?" aliuliza Mjeledi.

Binti aliinama juu ya cherehani, mabega yakimtikisika.

Mjeledi alitazama chai. Alitazama dirishani, ambako ndugu zake wawili wa shambani walikuwa wakimtazama pia, wakingoja. Alitazama mlango, kama kuna mtu barabarani, na barabarani walikuwepo, wawili watatu na baiskeli zao, wamesimama kabisa.

"Ua langu," alisema, kwa sauti iliyowafikia wote.

Mama Maombi akageuka kulia, akamletea chai.

Na Karani, kule nje, akageuka naye, akaondoka na kamba yote ya nguo.